Kamusi ya Baba Mkwe

Hiram Gathogo alirudi kazini Jumatatu iliyofuata mazishi ya mke wake. Watu wa jengo lile walishangaa. Jengo lenyewe liko Kitale, nyuma ya stendi ya magari ya Kapenguria. Chini kuna duka la dawa za mifugo na mbegu, juu kuna fundi wa saa, wakili asiyeonekana sana, na chumba cha Hiram. Mwenye duka la mbegu alimwona akipita, akatoka nje na kumshika mkono.

"Si ungepumzika kidogo, bana?"

"Nitapumzikia wapi?" Hiram akamwuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka tu kujua.

Akapanda ngazi, akafungua, akapangusa meza, akawasha kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa. Makanisa yalimletea vitabu vya nyimbo, vyama vya wafugaji vikamletea katiba zao, familia zikamletea ratiba za mazishi. Aliyaandika maandishi hayo kwenye kompyuta pamoja na alama zake za kazi, na kompyuta ikayapanga yakawa kurasa nadhifu. Lakini faili inayotoka hapo haisomwi na mashine ya kuchapa. Lazima kwanza igeuzwe iwe katika lugha ya mashine. Vijana wa saiba, lile duka la intaneti ng'ambo ya barabara, walifanya mambo kama hayo kwa kubofyabofya. Hiram alifungua dirisha jeusi, akaandika amri moja fupi, dvips, kisha ukubwa wa karatasi, kisha jina la faili, akabonyeza. Namba za kurasa zikaanza kujitokeza ndani ya mabano, [1] [2] [3] [4], zikijaza mstari na kushuka chini. Zikifika mwisho bila malalamiko, kazi imekwisha. Alijifunzia hayo yote katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa, ambacho siku hizi ni ghala la mahindi.

Siku hiyo alitoa ratiba ya mazishi ya mtu mwingine. Akaisoma kuangalia makosa, akasahihisha jina la shemeji wa marehemu, akaituma. Hakuhisi chochote.

Jerono, mke wake, alikuwa muuguzi wa zahanati. Alikufa akiwa mzima wa afya. Asubuhi alikuwa akianika nguo, akasema, "Kichwa kinaniuma kweli leo," akaingia ndani kulala, na kabla ya jua kutua alikuwa ameaga dunia. Daktari alieleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani na kwamba hakuna ambaye angeweza kujua. Hiram alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za barabara iliyofungwa katika nchi ambayo hana safari ya kwenda. Alikubali kila kitu alichoulizwa baadaye. Jeneza la mbao hii, sawa. Wimbo huu, sawa. Azikwe kwenye shamba la akina Gathogo, chini ya miti ya paini, sawa. Dada yake, Tabby, alilia kwa niaba yake.

"Machozi yatakuja tu," Tabby alimwambia. "Yakikuja usiyazuie."

"Sawa."

Tabby akamchukua mtoto wa Hiram na Jerono, Nyaguthii, aliyekuwa darasa la pili, akaenda kukaa naye kwake Kiminini kwa muda. Hiram akasema sawa hata kwa hilo.

Aliyemjia ofisini wiki chache baadaye alikuwa mtu ambaye hakumtarajia. Ni baba mkwe wake, Mwalimu Matthew Kipchirchir.

Mwalimu Kipchirchir alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyestaafu ualimu na kubaki na ng'ombe wake huko mlimani juu ya Endebess, upande wa kuelekea Suam. Jerono alipokwenda kumwambia kwamba anataka kuolewa na kijana wa Kikuyu ambaye babake alinunua shamba kule bondeni, mzee aliuliza swali moja tu, kama ni Mkristo. Baada ya hapo hakuuliza tena wala hakukataa. Siku ya arusi alikaa benchi la nyuma kanisani na kuondoka kabla chakula hakijaletwa. Nyumbani kwao hakuwahi kuingia hata mara moja. Akipiga simu ikapokelewa na Hiram, alisema, "Nipe Jerono." Miaka yote hiyo Jerono ndiye aliyekuwa akichukua neno la huyu na kumpelekea yule. Kwenye mazishi mzee alitupa mkono wa udongo, akavaa kofia, akarudi mlimani.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mkoba wa turubai uliojaa karatasi.

"Karibu, Mwalimu. Keti."

Akaketi. Akaiweka kofia gotini. Akaangalia kompyuta kwa muda.

"Jerono alisema wewe unaweza kazi hii."

"Alisema lini?"

"Zamani. Mimi nikakataa." Akasukuma mkoba juu ya meza. "Ni kamusi. Maneno ya kwetu, maana yake kwa Kiswahili. Nimeandika tangu nikiwa kijana. Nataka ichapwe nikiwa na macho."

Hiram akafungua mkoba. Mwandiko ulikuwa wa kialimu, ulionyooka, kila neno kwenye mstari wake, na juu ya irabu kulikuwa na vialama ambavyo hajawahi kuviona. Mwalimu akaeleza kwamba alivibuni mwenyewe, kwa sababu irabu za lugha yao ni nyingi kuliko herufi za shuleni, na mtu akiziandika ovyo neno moja linageuka kuwa lingine.

"Kompyuta haina hizi," Hiram akasema. "Itabidi nizichore."

"Chora."

Basi wakaanza. Mwalimu alishuka mjini kila Alhamisi. Hiram alichora herufi moja moja, nukta kwa nukta, akazikusanya zikawa seti moja ya herufi za mlimani. Mwalimu alizitazama kwenye karatasi, akasema hii imelala sana, hii iko juu mno, hii ni sawa. Hawakuzungumza jambo lingine. Mzee hakumwuliza Hiram anaishije, naye Hiram hakumwuliza amekujaje. Aliyepita nje na kusikia angedhani ni mteja na fundi tu, na huenda hata wao ndivyo walivyopenda ionekane. Kazi hii ilimfaa Hiram. Nukta haiulizi maswali.

Kila neno la kamusi lilikuwa na maana yake kwa Kiswahili, kisha sentensi moja ya mfano kwa lugha ya mlimani, bila tafsiri. Mwalimu alitaka majina ya watu ndani ya mifano yaandikwe kwa herufi za kawaida, zilizoinama kidogo, ili msomaji asidhani nayo ni maneno ya kutafutwa. Hiram akafuata.

Ndipo alipoanza kuliandika jina la mkewe. Alilikuta mara ya kwanza kwenye neno la kamba. Vidole vikasimama. Lugha ya Jerono hakuijua. Nyumbani walizungumza Kiswahili, na yeye alijua salamu tu na maneno ya kumwita mtoto aje kula. Hapo aliona neno kamba, na akaona Jerono, lakini Jerono alikuwa anafanya nini na hiyo kamba, hakujua. Vidole vikaendelea. Baada ya kurasa kadhaa akamkuta tena, na tena, katikati ya maneno asiyoyaelewa, kama mtu unayemwona ng'ambo ya barabara yenye magari mengi. Angeweza kuuliza Alhamisi. Hakuuliza. Mzee naye hakusema.

Kurasa zilipokamilika, Hiram aliandika amri yake, namba zikatiririka kwenye dirisha jeusi mpaka ya mwisho, akaiweka faili kwenye flashi. Kitabu kingechapwa Bungoma, kwa mama mmoja aitwaye Jentrix, mwenye mashine kuukuu ya kutengeneza pleti za chapa. Mashine hiyo ilielewa lugha moja tu, ile ya faili za Hiram, ndiyo maana walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi.

"Nitakuja na wewe," Mwalimu akasema. "Nione kwa macho."

Walikwenda kwa gari la Hiram, Probox, kupitia Kimilili na Chwele. Ilikuwa msimu wa kukata miwa, na upande wa Kabuchai matrekta yalikuwa yametapanya mabua barabarani, ikabidi waende pole. Mwalimu alikaa mbele, mkoba umelala mapajani. Walifika mbali kabla hajasema neno.

"Unaendesha polepole."

"Ndio."

"Ni vizuri."

Hayo ndiyo mazungumzo yao mpaka Bungoma.

Karakana ya Jentrix iko karibu na reli. Mwenyewe ni mwanamke mnene mwenye aproni yenye wino, mcheshi, ambaye haogopi ukimya wa watu wengine kwa sababu huwa hausikii. Akawapa viti, akachukua flashi, akaahidi kutoa kwanza karatasi chache za kusahihisha. Mashine ikaunguruma. Akarudi nazo akizitazama kwa kichwa kilichoinama upande.

"Hiram, hii kalatasi yako iko na mashimo."

Akazitandaza mezani. Ilikuwa kweli. Maneno yote ya mlimani yalikuwa yametoweka. Mahali pa neno palikuwa peupe, kisha maana yake kwa Kiswahili, kisha peupe tena mahali pa sentensi. Katika huo weupe yalibaki majina ya watu tu, yale ya herufi za kawaida. Kipruto mara moja. Kwingine kote, ukurasa baada ya ukurasa, Jerono.

Mwalimu akavaa miwani, akainama. "Maneno yako wapi?"

Hiram alijua papo hapo kilichotokea. Mashine ya Jentrix ilikuwa na herufi za kawaida ndani yake, lakini herufi za mlimani haikuwa nazo, na yeye hakuiambia amri izibebe ndani ya faili. Ni jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa kazi hiyo. Alilisahau, na wala hakukumbuka kwamba kuna cha kusahau.

"Yako Kitale," akasema. "Nimeyaacha. Nitayaleta."

Jentrix alikuwa bado anasoma. "Na huyu Jerono ni nani? Ako kila mahali."

Nje waendesha pikipiki walikuwa wakiita abiria.

"Ni msichana wangu," Mwalimu akasema.

"Ni bibi yangu," Hiram akasema.

Jentrix akawatazama mmoja baada ya mwingine. Habari za msiba wa Hiram alikuwa amezisikia kwa simu, ila jina hakulijua. Akaondoa mkono wake juu ya karatasi taratibu.

"Woi. Poleni," akasema kwa sauti ya chini. "Wacha niwaletee chai."

Walibaki wawili. Hiram akaweka kidole kwenye karatasi, juu ya ule weupe.

"Hapa alikuwa anafanya nini?"

Mwalimu hakuhitaji kutafuta kwenye mkoba. "Hapo ni kamba. Jerono alifunga ndama kwa kamba, kamba ikakatika."

"Na hapa?"

"Uji. Jerono hataki uji wa wimbi."

"Hapa?"

"Mvua. Jerono anasema mvua ina harufu."

Hiram akageuza karatasi. Mzee akaendelea, sauti ileile ya darasani, bila kupanda wala kushuka. Jerono amekalia kuku. Jerono anahesabu ng'ombe na anaruka namba saba. Jerono amempiga Kipruto na kukimbilia jikoni. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Wakubwa walikuwa wanaenda shule ama kuchunga," akasema. "Yeye ndiye alikuwa anabaki. Nilikuwa nikikosa mfano, naangalia dirishani, naona anafanya nini, naandika. Sikuwa nimepanga awe mwingi hivyo."

Hiram alisikia kila neno. Alimwona mtoto yule aliyekalia kuku, ambaye hakuwahi kumjua. Alingoja kitu kimpande kifuani, kama Tabby alivyoahidi. Hakikupanda. Lakini alitaka kuendelea kusikia, na kutaka kitu kulikuwa jambo geni kwake. Akaweka kidole chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo maana iliyobaki ilisema: *kutoa machozi kwa huzuni au maumivu.*

"Na hapa?"

Mwalimu akaivaa tena miwani.

"Hiyo niliandika mwaka huu," akasema. "Neno lilikuwa halina mfano. Inasema Jerono amelala, na baba yake hajalia."

Hiram akaitazama ile nafasi nyeupe.

"Hata mimi," akasema.

"Nilikuona pale kaburini," Mwalimu akasema. "Nikajua."

Jentrix akaleta chai ya maziwa na mandazi, akaweka, akaondoka bila kusema lolote, jambo ambalo wafanyakazi wake walilizungumzia baadaye. Wakanywa. Kisha Hiram akaomba kompyuta ya karakana. Kumbe hakulazimika kurudi Kitale, kwani nakala ya herufi za mlimani ilikuwa kwenye ile flashi, kwenye folda nyingine. Akafungua dirisha jeusi. Kwenye orodha ya herufi aliongeza kialama kimoja mbele ya jina la seti yake, kile kinachoiambia amri: hizi usiziache, zibebe. Akaandika amri, akabonyeza. Mwalimu alisimama nyuma yake akitazama namba zikitokea.

"Hizo ni nini?"

"Ni kurasa. Zinapita moja moja."

"Zote?"

"Zote."

Karatasi zilizotoka safari hii zilikuwa zimejaa. Mwalimu alivuta kiti karibu na dirisha, akaanza kusoma kila alama juu ya kila irabu, midomo ikienda. Jentrix akaanza kutoa pleti, na vijana wake wakafunga ya kwanza kwenye mashine kubwa. Mashine ikaanza kwenda, pa-ta, pa-ta, sakafu ikitetemeka. Hiram alitafuta mahali pa kukaa asimzuie mtu, akakaa juu ya marobota ya karatasi kwenye kona, akaegemea ukuta. Tangu mazishi alikuwa analala vipande vipande tu, kama mlinzi. Sasa usingizi ukamchukua mchana ule, mbele za watu, katika kelele zile zote, mdomo wazi.

Jentrix alitaka kumwamsha amwonyeshe rangi ya wino. Mwalimu akainua mkono.

"Wacha alale. Nionyeshe mimi."

Alipoamka jua lilikuwa limehama ukutani. Shati lilikuwa limemkunjika, na shingo ilimwuma. Mwalimu alikuwa palepale dirishani.

"Umelala," mzee akasema.

"Nimelala."

"Njaa je?"

Hiram akafikiri. "Iko."

Wakavuka reli, wakaingia hoteli moja ndogo, wakala ugali na kuku wa kienyeji. Mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi. Hiram akamwambia mhudumu hivyo, na mhudumu akaomba radhi, akaleta mwingine. Mwalimu alikula kidogo, akamsukumia mkwewe paja.

Vitabu vilikuwa tayari kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza. Jalada lilikuwa la kijani. Mwalimu alivigawa kwa makanisa na shule za huko juu, na vingine vikavuka mpaka wa nchi pale Suam pamoja na wafanyabiashara wa vitunguu, kwa sababu upande wa pili nako wako watu wa lugha hiyo. Kuna mchungaji aliyempigia simu kubishana kuhusu maana ya neno moja, wakabishana nusu saa. Jerono aliachwa ndani ya kitabu vile alivyokuwa. Hakukuwa na ukurasa wowote wa kueleza ni nani.

Shule zilipofungwa Hiram alikwenda Kiminini kumchukua mtoto. Tabby alimkagua uso mlangoni.

"Umelia?"

"Bado."

"Na unamtaka mtoto?"

"Namtaka."

Tabby akaenda kufungasha nguo.

Kuna mengi ambayo hayakubadilika. Asubuhi nyingi Hiram aliamka akiwa mzito na mtupu kwa pamoja, akafanya kila kitu kwa mpango: maji, sare, chai, ngazi, kompyuta. Nyaguthii ndiye aliyelia, tena kwa mambo madogo, soksi iliyopotea, kalamu iliyovunjika, na babake alimshika mpaka amalize. Alijua kumshika. Hilo halikuhitaji ahisi kwanza.

Jumapili moja ya Januari, baada ya kanisa, geti liligongwa. Mwalimu Kipchirchir alikuwa amesimama nje na chupa ya maziwa ya mgando. Alifuta viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaingia, akasimama katikati ya sebule akitazama kuta, pazia, kabati la vyombo, nyumba ambayo mwanawe alikuwa ameishi miaka yote hiyo.

"Alipenda kukaa wapi?" akauliza.

Hiram akamwonyesha kiti cha karibu na mlango wa nyuma. Mzee akakitazama, kisha akaketi kwenye kingine.

"Nyaguthii, msalimie guka," Hiram akasema, akakumbuka kwamba hilo ni neno la kwao yeye, la kumwita babu kwa Kikuyu. Mtoto akasalimia hivyo hivyo. Mzee akaitikia bila kumsahihisha. Hiram akaenda jikoni kutafuta vikombe.